Degedege na ndege wa usiku
Mzazi uliyevuka kutoka Pweto mwaka 2017, ukapokelewa Kenani kabla Mantapala haijafunguliwa Januari 2018, jina degedege ulikuja nalo. Wazee walisema ni ndege wa usiku aliyepita juu ya mtoto, wakamwita mganga. Siwacheki, hawakuwa na darubini. Mwaka 1880, huko Algeria, daktari Mfaransa Laveran aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ross, akiwa India, akavikuta ndani ya mbu. Malaria huleta degedege, na hapa kando ya ziwa Mweru mbu hatafutwi. Mtoto akikakamaa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Hata akitulia, mpeleke kliniki usiku huohuo. Vilevile akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au asipoamka ukimwita.