Safari ya miguu msituni na milimani: Mwongozo kwa mkazi wa Magomeni

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Magomeni, iwe ni Mapipa, Mikumi au Kagera, kutembea kwa miguu ni jambo la kila siku. Huenda Kariakoo, hukwepa bodaboda, huruka mitaro, na jioni hurejea nyumbani akiwa amechoka pasipo kupumzika. Wengi huamini kwamba kupanda milima ni shughuli ya watalii wa Ulaya. Imani hiyo si sahihi, kwani ipo misitu na milima inayofikika kwa daladala, basi au treni, ilimradi msafiri ajiandae ipasavyo.

Pugu na Kazimzumbwi

Hifadhi hii ya mazingira asilia iko wilayani Kisarawe, mkoani Pwani, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kutoka Magomeni, msafiri hupanda basi la mwendokasi hadi Kariakoo, kisha daladala ya Gongo la Mboto na kuendelea kuelekea Kisarawe.

Msitu huo ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani, ambayo kwa miaka mingi imekatwa ili kupata mkaa wa majiko ya jijini. Yapo pia mapango yaliyotokana na uchimbaji wa kaolini, ambamo popo wamefanya makazi. Si busara kuingia humo bila mwongozaji. Jirani na hapo ndipo ilipo Shule ya Sekondari Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili kushughulikia siasa.

Eneo hili linamfaa anayeanza, kwa kuwa vilima vyake ni vifupi na mtu huweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Milima ya Uluguru

Morogoro iko takriban kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Mabasi huondoka katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Tangu Juni 2024 ipo pia treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo hutumia takriban saa mbili.

Juu ya mji ipo njia ya Morningside, penye jengo la enzi za Wajerumani. Wenye nguvu zaidi huendelea hadi kilele cha Bondwa, chenye zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele kirefu kuliko vyote katika safu hiyo ni Kimhandu, chenye mita 2,630, ambacho hakifai kwa safari ya siku moja.

Mkazi wa Magomeni anayo sababu nyingine ya kuifahamu milima hii. Mito yake huulisha Mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka, jiji liliingia katika mgawo wa maji. Anayeuona mteremko uliofyekwa na kuchomwa huko juu anauona mwanzo wa bomba lake kukauka.

Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Lango lake kuu liko Mang'ula, kwa njia ya Mikumi. Kivutio kinachojulikana zaidi ni maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 kwa jumla. Humo pia wanaishi nyani aina ya mangabei wa Sanje, waliotambuliwa na wanasayansi mwaka 1979. Safari hii huhitaji kulala huko walau usiku mmoja.

Maandalizi

Kwanza, pata kibali. Kwa Pugu na Uluguru, kibali hutolewa na ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu; kwa Udzungwa ni Shirika la Hifadhi za Taifa. Daima dai risiti, na chukua mwongozaji wa eneo husika.

Pili, chagua majira. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza na vijito hujaa ghafla. Juni hadi Septemba ni kipindi kizuri zaidi.

Tatu, beba maji yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu, chakula, tochi, filimbi na koti la mvua. Joto hupungua kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyetoka Dar es Salaam na fulana moja, akilowa Bondwa, hutetemeka. Vaa viatu vilivyofunika kidole na suruali ndefu, kwa ajili ya upupu, siafu na kupe. Kandambili ziachwe nyumbani.

Nne, panga saa ya kurudi. Anza saa 12 asubuhi, na ifikapo saa 8 mchana geuka, hata kama kilele kinaonekana. Giza msituni huingia mapema kuliko barabarani. Mwandishi wa makala haya alipuuza kanuni hiyo, akateremka Uluguru akishika mizizi, kwa mwanga wa simu iliyokuwa ikiishiwa chaji.

Ukipotea au ukiumia

Ukipotea, simama. Usifuate mto kuteremka, kwani huenda ukaishia penye poromoko. Piga filimbi mara tatu, pumzika, kisha rudia. Namba 112 ni ya dharura na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji, lakini mtandao wa simu haufiki kila bonde. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mwachie ndugu au jirani ratiba yako na saa unayotarajia kurudi.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana. Mtulize, kiungo kisitikisike, awahishwe hospitali.

Anayewaza Kilimanjaro, yenye mita 5,895, na aanze na vilima vya Pugu. Tena asipande kwa haraka, kwani hewa nyepesi ya juu huwadhuru hata vijana wenye afya njema.