Jinsi mwanafunzi wa KCSE Langoni anavyoweza kuupangia muda wake

Mwanafunzi wa sekondari katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu, huhudumia ratiba mbili kwa siku moja. Mchana yumo shuleni, na jioni huwa chuoni au msikitini akisoma dini. Katikati ya hizo mbili zipo kazi za nyumbani, na muda wa kudurusu masomo ya shule ndio hubaki mwisho. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuufaulu mtihani wa KCSE hana budi kujua ana saa ngapi hasa kabla ya kuamua atazitumia vipi.

Mzigo wenyewe si mdogo. Chukua mfano wa mtahiniwa mwenye masomo manane: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kila lugha ina karatasi tatu, na kila somo la sayansi vilevile, ikiwemo ile ya majaribio ya maabara. Masomo mengine yana karatasi mbili mbili. Jumla ni karatasi 21, nazo hutahini mambo aliyofunzwa kwa miaka minne.

Saa zilizopo

Kwa mujibu wa Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Michezo na shughuli nyinginezo huendelea hadi saa kumi na dakika 45. Kwa shule za bweni, kanuni hizo zimetenga saa mbili za kudurusu, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, kisha wanafunzi walale.

Mwanafunzi wa kutwa hana kengele ya kumwita mezani. Akitoka shuleni na kunuia kulala saa tatu na nusu, ana takriban saa tano mkononi. Aondoe safari ya kurudi nyumbani, kuoga, kazi za nyumbani, darsa ya baina ya Magharibi na Isha, na chakula cha usiku. Mara nyingi zitakazosalia hazizidi saa mbili.

Adhana kama mipaka ya ratiba

Hata hivyo, Lamu ina jambo linalorahisisha upangaji. Kisiwa hicho kiko karibu na mstari wa ikweta, hivyo nyakati za sala hubadilika kwa kiasi cha nusu saa tu mwaka mzima. Ratiba iliyofungamanishwa na adhana mwezi wa Januari itafaa pia mwezi wa Oktoba, na hata asiye na saa ya mkononi anaweza kuifuata.

Saa ya kwanza ya kudurusu yaweza kuwekwa baada ya Isha, na ya pili baada ya Alfajiri, wakati akili imetulia na mtaa u kimya. Kwa siku tano za wiki hupatikana vipindi kumi. Hisabati ipewe vitatu na kila mojawapo ya masomo saba yaliyosalia kipindi kimoja. Hisabati inatangulizwa kwa sababu, tangu mtihani wa 2023, alama ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Asubuhi moja ya mwisho wa wiki, ile isiyo ya madrasa, itumiwe kujibu karatasi nzima ya mtihani uliopita kwa muda uleule uliowekwa.

Miezi yenye shughuli nyingi

Kalenda ya Kiislamu hutangulia ile ya kawaida kwa siku 11 hivi kila mwaka. Katika miaka ya 2025, 2026 na 2027, Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, mbali na mtihani wa Novemba. Kwa kuwa sala ya tarawehe hurefusha usiku, ni heri kipindi cha Isha kihamishiwe baada ya Alfajiri, mtu akiwa ameshakula daku.

Maulidi yanahitaji tahadhari zaidi. Sherehe zinazoandaliwa Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Langoni, hufanyika mwezi wa Mfunguo Sita, ambao katika miaka hiyo unaangukia Agosti na Septemba. Hicho ni kipindi cha mitihani ya majaribio, na KCSE imebakisha wiki chache tu. Asiyetaka kuzikosa sherehe azihesabu mapema katika ratiba, na sura ngumu azimalize katika likizo ya Aprili. Likizo ni mali ya mwanafunzi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada wakati huo.

Usingizi na wajibu wa wazazi

Kukesha si dawa. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Anayelala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja alfajiri hupata saa saba na nusu. Pengo hilo laweza kupunguzwa kwa kailula siku za mapumziko.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mara nyingi msichana hutarajiwa kupika, kufua na kulea wadogo zake ilhali kaka yake yuko barazani. Msichana huyo hawezi kuzipata zile saa mbili kwa bidii yake pekee. Kazi zikigawanywa kwa usawa baina ya watoto wote, na mwalimu wa madrasa akaarifiwa mapema kuhusu tarehe za mitihani, mtahiniwa ataweza kuitimiza ratiba aliyojiwekea.