Nani atabeba mkoba wa mganga?

Kwa Wadigo na Wasegeju wa Moa, pwani ya Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, mganga hakujitangaza. Mtu ama alikuwa na mkoba, ama hakuwa nao. Mkoba wenyewe ni mfuko tu, umejaa mizizi mikavu, magome na vibuyu vya dawa ya unga. Lakini aliyepewa mkoba alikuwa amepewa idhini ya kutibu, na idhini hiyo ilikuwa na mlolongo wake: babu, baba au mjomba, kisha yeye.

Kijana alianza kwa kubeba vitu. Alimfuata mzee porini akiwa na jembe na kikapu, asiulize sana. Kabla jembe halijagusa ardhi mzee aliuomba mti, pengine akaacha sarafu shinani, ndipo mzizi ukachimbwa upande wa mawio na upande wa machweo. Aghalabu jina la mti halikutajwa. Kijana aliujua kwa harufu ya gome lake, kwa utomvu wake, kwa udongo unaoupenda. Kwenye mikoko alionyeshwa mkomafi, ambao tunda lake hutumika kwa maumivu ya tumbo. Kwenye mashamba yaliyolala, mtunguja na mwingajini. Nyumbani alitwanga, akachemsha, akawafukiza wagonjwa. Kipimo kilikuja mwisho kabisa, na kwa haki, maana iko mizizi ambayo ikizidi kidogo inaua. Siku alipotolewa mbele ya watu kupewa mkoba, waganga wakubwa walikuwa wamekwisha kumpima tabia.

Wasomi wengi wameulaumu usiri huu, wakisema ndio uliozika elimu pamoja na wazee. Mimi naona walioulaumu hawakutazama ulifanya kazi gani. Ulikuwa leseni, miaka mingi kabla ya ofisi ya kutoa leseni.

Kilichokatiza mlolongo ni mambo mengine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, na misitu ya Tanga ikaanza kufyekwa. Vijana ambao wangebeba kikapu cha mizizi wakaenda kukata mkonge kwa mshahara. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wakapanda miti ya kwinini iliyotoka Amerika ya Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, dawa ya malaria ya askari wao ilitengenezwa papo hapo Amani. Hapakuwa na mjadala kwamba dawa ya mti ni ushirikina. Mti ulikuwa wao.

Waingereza walipoichukua Amani waliifanya kituo cha kilimo. Hapo ndipo mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alipokusanya kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, iliyotoka mwaka 1937. Ni kazi kubwa, na hadi leo mtu wa pwani akiifungua atakutana na miti ya kwao. Ila kilichoingia kitabuni ni majina, yale yale ambayo kijana wa mkoba aliyasubiri kwa muda mrefu. Wakati huohuo sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikuwa imewatia hofu waganga, maana mwenye tunguri, yaani kibuyu cha dawa, angeweza kushitakiwa pamoja na mchawi aliyekuwa akipambana naye.

Baada ya uhuru serikali ililegeza mkono. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Watafiti walizunguka mikoani na daftari, wakaandika mti gani unatibu nini. Tena majina.

Pangani, upande wa pili wa mji wa Tanga, jambo tofauti lilitokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ukiwa hauna dawa hospitalini, mganga Mzee Waziri Mrisho alikubali kuwaonyesha madaktari miti aliyoitumia. Dawa yake haikuondoa virusi, lakini wagonjwa walirudiwa na hamu ya kula, kuhara kukapungua, vidonda vya mdomoni vikapona. Kutokana na ushirikiano huo kikazaliwa kikundi cha Tanga AIDS Working Group, waganga na madaktari wakikaa meza moja. Mzee hakumfundisha mjukuu peke yake. Aliwafundisha watu wenye makoti meupe, naye akiwapo, mgonjwa akiwapo. Huo ndio urithi wa kweli ninaoufahamu katika mkoa huu katika miaka hiyo.

Leo kijana wa Moa anayetaka mkoba ana vikwazo vyake. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na wengi hawakutofautisha ramli na mizizi. Miaka mitano baadaye, wakati wa korona, nchi nzima ilipiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, na vijana wakajifunza majani kwa simu, si kwa mzee.

Sheria ya mwaka 2002 ilileta Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga husajiliwa baada ya kupitia viongozi wa kijiji na mratibu wa wilaya. Dawa yenyewe ni lazima ipimwe kabla ya kusajiliwa. Waganga waliosajiliwa ni maelfu. Dawa zilizosajiliwa ni chache mno. Wazee wamekubali kuandikwa wao, miti bado hawajaitaja.