Filamu za Mahali Kamera Isipofika

Mwaka 1971 wanafunzi kwa mamia walijaa kwenye uwanja wa nyasi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakacheza ngoma ya protini. Baadhi walishikana wakawa uzi mrefu unaojipinda: huo ndio RNA, ujumbe unaobeba maelekezo ya DNA. Kundi jingine lilibiringika nyasini likaukumbatia uzi ule. Hao walikuwa ribosomu, mtambo wa seli wa kuunda protini. Wengine walikuja na maputo ya rangi, kila mmoja akileta asidi amino yake. Mwongozaji wa filamu ya ngoma hiyo alikuwa Robert Alan Weiss, na aliyewaeleza watazamaji kinachokuja alikuwa Paul Berg, mwanabiokemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1980.

Ilibidi watu wacheze kwa sababu hakukuwa na cha kupiga picha. Mawimbi ya mwanga tunaoweza kuuona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, ilhali protini nyingi zina upana wa nanomita chache tu. Darubini ya kawaida haiwezi kuionyesha protini moja ikiwa kazini. Umbo lake hujulikana kwa njia ya kuzunguka: fuwele za protini hupigwa eksirei, kisha hesabu ndefu hutafuta kila atomu imekaa wapi. Hivyo ndivyo John Kendrew na wenzake wa Cambridge walivyolipata umbo la protini iitwayo mayoglobini mwaka 1958. Mwaka 1961 msanii Irving Geis aliichora kwa mkono kwa ajili ya jarida la Scientific American, kazi iliyomla miezi. Miaka michache baadaye, pale MIT, Cyrus Levinthal aliweza kuizungusha molekuli kwenye kioo cha kompyuta, ingawa ilikuwa mistari mitupu.

Mwaka uleule wa ngoma ya Stanford, wanasayansi walianzisha hazina ya pamoja ya maumbo ya protini, ikiwa na maumbo 7. Leo yamepita 200,000, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyapakua bure. Hiyo ndiyo malighafi ya wahuishaji wote waliofuata, yaani watengenezaji wa filamu za michoro inayotembea.

Miongoni mwao, ninayempenda zaidi ni Drew Berry wa Taasisi ya Walter and Eliza Hall, Melbourne, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1995. Alisomea biolojia ya seli kabla ya kuwa mhuishaji, na inaonekana. Katika filamu yake ya malaria, vimelea vinaingia mwilini kwa mate ya mbu, vinajificha na kuzaana ndani ya ini, kisha vinamwagika kwenye damu. Kimelea kimoja kinaigusa chembe nyekundu, kinajigeuza hadi ncha yake iielekee, halafu kinajisukuma ndani. Ugonjwa huu tunaujua kwa homa na kwa vipimo vya zahanati. Kuuona mlango ambao kimelea hupitia ni jambo jingine kabisa, na natamani kila darasa la biolojia katika Afrika Mashariki lipate nafasi ya kuiona filamu hiyo.

Lakini filamu iliyovuma zaidi ilitoka mwaka 2006: inaonyesha maisha ya ndani ya seli nyeupe ya damu, na ilitengenezwa na kampuni ya XVIVO kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Robert Lue na Alain Viel. Kipande kinachokumbukwa na wengi kinamwonyesha kinesini, protini yenye miguu miwili, akitembea taratibu juu ya mrija mwembamba huku akivuta mfuko mkubwa kama puto. Kinesini yupo kweli. Alitambuliwa mwaka 1985 katika neva za ngisi. Kila hatua yake ni nanomita 8. Kwa mwendo wa takriban mikroni moja kwa sekunde, mzigo unaotoka uti wa mgongo kuelekea kidole cha mguu wa mtu mzima, kama mita moja hivi, huchukua karibu siku 12.

Ila kwenye filamu anatembea kama hamali kwenye mtaa usio na mtu. Ndani ya seli hakuna nafasi hiyo. Protini zimebanana, na molekuli za maji humpiga kinesini kutoka kila upande bila kukoma. Mguu wake haunyanyuliwi kwa ustaarabu. Unarushwa huku na huko hadi uangukie pa kushika. Waliohuisha waliondoa msongamano ili tuweze kuona, na uamuzi huo una mantiki, lakini watazamaji wengi walibaki wakiamini kwamba molekuli inajua inakokwenda. Kwa hili nadhani wacheza ngoma wa 1971 walikuwa karibu zaidi na ukweli: walibiringika, wakagongana, wakahangaika kabla ya kufika.

Harvard na XVIVO walilijua tatizo. Mwaka 2014 walitoa filamu nyingine kuhusu msongamano wa protini. Safari hii kinesini anatetemeka na kuyumba katikati ya umati. Haipendezi macho kama ya kwanza, na ndiyo ningemwonyesha mwanafunzi.

Janet Iwasa wa Chuo Kikuu cha Utah ameusogeza mjadala mbele. Yeye huichukulia filamu kama dhana inayopimwa: ukitaka kuhuisha virusi vya UKIMWI vikiingia kwenye seli, lazima uamue ganda lao linafunguka lini na wapi, hata kama maabara bado hazijakubaliana. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ganda huvunjika kabla ya kufika kwenye kiini cha seli. Tangu 2020 ushahidi umeongezeka kwamba ganda, lenye upana wa nanomita 60 hivi, linaweza kupenya tundu la kiini likiwa zima na kufungukia humo ndani. Filamu zinazolionyesha likivunjika nje zinahitaji kuchorwa upya.