Kipuri Asilia, Kipuri Mbadala na Kipuri cha Kughushi

Katika mji wa Lubudi, uliopitiwa na reli ya Katanga iliyofika Bukama mwaka 1918, na ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa saruji yake, mwenye gari lililoharibika aghalabu hungoja piesi iletwe kutoka Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, nayo huenda imevuka Kasumbalesa ikitokea bandari ya Dar es Salaam. Ikifika, huuliza neno moja tu, "Ni orijini?", na fundi hujibu ndiyo au siyo. Swali hilo lina majibu zaidi ya mawili, na kutoyapambanua kumewatia watu hasara kubwa.

Kile ambacho sisi wa Katanga twakiita piesi, na watu wa Dar es Salaam spea, katika Kiswahili sanifu ni kipuri. Sasa yafaa ijulikane kwamba mwunda gari haundi kila kilichomo ndani ya gari lake. Toyota, ambayo Land Cruiser zake zimejaa katika njia za migodi, hununua vyombo vingi kwa Denso, kampuni iliyokuwa sehemu yake hata ikajitenga mwaka 1949. Alternata ikitiwa katika sanduku lenye jina la Toyota huitwa asilia pasipo ubishi. Je, ikitoka kiwanda kile kile, kwa vipimo vile vile, ikauzwa katika sanduku la Denso? Kanuni ya Ulaya nambari 1400 ya mwaka 2002 iliihesabu nayo kuwa asilia, maadamu imeundwa kwa vipimo na viwango vya mwunda gari. Nami naiona hukumu hiyo kuwa ya haki.

Kipuri mbadala ni kile kilichoundwa na kiwanda kingine, kwa ubunifu wake na kwa jina lake mwenyewe lililo wazi. Chaweza kuwa kizuri, chaweza kuwa dhaifu, lakini hakimdanganyi mtu. Cha kughushi ndicho kinachobandikwa jina la mwingine. Hapa ndipo neno "feki" lilipotuharibia mambo, kwa kuwa limetupwa juu ya vyote viwili, hata mnunuzi akakimbia mbadala wa halali akaliangukia sanduku lenye jina kubwa, ambalo ndilo aghushiye hulipenda kuliko yote. Pedi za breki zatosha kuwa ithibati kwamba mbadala wa halali waweza kuaminiwa: kanuni nambari 90 ya Umoja wa Mataifa yataka pedi mbadala isipishane na ile ya asili katika nguvu ya kushika kwa zaidi ya asilimia 15, na iliyofaulu hupigwa alama ya herufi E ndani ya duara. Alama hiyo itafutwe kwenye bamba la pedi yenyewe.

Tena ziko sehemu ambazo mbadala ndio wenye busara. Vumbi jekundu la njia zetu wakati wa kiangazi huliziba chujio la hewa upesi sana, na wengi, kwa kuionea uchungu bei ya asilia, hulipuliza kwa kompresa mara baada ya mara mpaka karatasi ikatoboka. Kumbe mbadala mpya ungaliisitiri injini vizuri zaidi. La kutazamwa ni ukingo wa mpira: ukiwa mgumu na usikae sawasawa, vumbi hupita pembeni, likasaga ringi na kuta za silinda. Mtu apitishe kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, chujio hilo halifai, liwe la jina gani.

Mkanda wa taimingi ni habari nyingine. Katika injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye lita 4.2, taa ya mkanda huwaka kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni, injini ikaharibika kwa dakika moja. Hapo ningemshauri mwenye gari angoje lori jingine la Lubumbashi, hata gari lilale wiki nzima, kuliko kufunga mkanda usiojulikana uliundwa na nani. Na kama amelinunua gari likiwa limekwisha kutumika, naamwambie fundi afungue kifuniko, asome jina na namba zilizoandikwa mgongoni mwa mkanda, kabla ya kulipeleka Kolwezi.