Kupima Kitabu cha Maisha ya Mtu

Msomaji, yamkini umewahi kushika kitabu kinachosimulia maisha ya mtu mashuhuri, ukakisoma tangu mwanzo hata mwisho, kisha ukakifunga na kusema moyoni, "Sasa namjua mtu huyu." Neno hilo ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulithibitisha. Kitabu cha maisha ya mtu hakikushuka kutoka mbinguni. Kimeandikwa na mwanadamu mwenye mapenzi yake na chuki zake, na aghalabu mwenye haja ya kukiuza. Wala hatuwi salama zaidi mtu anapoandika habari zake mwenyewe, maana wahenga walisema, msema pweke hakosi.

Nataka tujifunze pamoja kazi ya kupima vitabu vya namna hii, na kwa mfano nimemchagua mchezaji wa senema wa Marekani, Katharine Hepburn. Huenda ukauliza kwa nini nimeacha wafalme na majemadari nikamchukua mchezaji wa senema. Sababu yangu ni hii. Mfalme huacha nyuma yake sheria na mikataba ambayo mwanahistoria aweza kuifungua na kuisoma. Mchezaji wa Hollywood wa zama zile aliacha umaarufu, na umaarufu ule ulikuwa bidhaa. Kampuni za filamu ziliajiri watu ambao kazi yao ilikuwa kuwapelekea waandishi wa magazeti habari za kupendeza juu ya wachezaji wao. Mwenye kuweza kuitafuta kweli katika vumbi hilo hatashindwa kuitafuta penginepo.

Kwanza tuyataje yasiyo na ubishi. Hepburn alizaliwa katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Alimaliza masomo katika chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, akaonekana katika filamu yake ya kwanza mwaka 1932, na katika maisha yake akapata tuzo ya Oscar mara 4. Alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 96. Haya yamo katika kumbukumbu za serikali, za chuo na za magazeti ya siku zile, na kila kitabu huyakubali.

Lakini alizaliwa lini? Hapa ndipo somo letu linapoanza. Kwa miaka mingi Hepburn aliwaambia watu kwamba alizaliwa tarehe 8 Novemba. Vitabu vikaiandika tarehe hiyo, na kila mwandishi aliyefuata akainakili kwa mwenziwe, hata ikaonekana kuwa kweli kwa sababu tu ya kurudiwa mara nyingi. Mwaka 1991 Hepburn alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, na humo akakiri kwamba alizaliwa tarehe 12 Mei 1907, licha ya yote aliyokuwa ameyasema kabla.

Usiharakishe kumwita mwongo. Tarehe 8 Novemba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake, Tom. Kijana huyo alikufa kifo cha ghafla na cha kuhuzunisha mwezi wa Aprili 1921, akiwa na umri wa miaka 15, na dada yake ndiye aliyemkuta. Tangu hapo msichana yule akaichukua siku ya nduguye akaifanya yake. Angalia basi jinsi kosa dogo la tarehe linavyofungua mlango wa huzuni kubwa. Mwandishi aliyenakili tu alipoteza mambo mawili kwa pamoja: alipoteza ukweli wa tarehe, na alipoteza msiba uliojificha nyuma yake. Lakini aliyetaka kuuona ushahidi mwenyewe angeuliza swali, na swali hilo lingemfikisha mbali. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta jambo lililoandikwa katika vitabu 10, usihesabu mashahidi 10 mpaka ujue kama wote hawakunywa katika kisima kimoja.

Tutazame jambo la pili, lililotokea karibu na kwetu. Mwaka 1951 Hepburn alikuja Afrika pamoja na Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston kupiga filamu iitwayo The African Queen. Hadithi yake ni ya mwaka 1914 katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara. Lakini picha zilipigwa Kongo, karibu na mto Ruiki, kisha Uganda, na nyingine zikapigwa studioni huko Uingereza. Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Humo asimulia joto, wadudu, na ugonjwa wa tumbo uliomdhoofisha sana kwa sababu ya maji aliyokunywa, hali Bogart na Huston, waliopendelea wiski kuliko maji, walibaki wazima.

Je, tukipokee kitabu hicho? Naam, lakini kwa kipimo. Aliyeugua ndiye ajuaye maumivu yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika habari za mwili wake na hofu yake hakuna shahidi wa kumpita. Lakini kumbuka kwamba kati ya safari na kitabu ilipita miaka 36, na katika muda huo kisa kilichosimuliwa mara nyingi mezani hulainika kama jiwe la mtoni. Kumbuka pia kwamba Bogart alikwisha kufa tangu mwaka 1957, asiweze kumsahihisha. Tena wako watu wa Kongo na Uganda waliojenga kambi, wakabeba mizigo na kusukuma vyombo mtoni. Hao twawaona kwa macho ya mgeni tu. Wao wangesema nini juu ya mama yule wa Kizungu na wenziwe? Kitabu kizuri chaweza kusema kweli tupu juu ya mambo kiliyoyaona, na bado kikawa nusu ya habari. Mpimaji mwema hupima hata ukimya.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa lahusu mapenzi. Hepburn na mchezaji Spencer Tracy walicheza pamoja katika filamu 9, ya kwanza ikatoka mwaka 1942, na walikuwa wapenzi hata Tracy alipokufa mwezi wa Juni 1967. Tracy alikuwa na mkewe, Louise, ambaye hakuachana naye. Hepburn hakuhudhuria mazishi, na hakulizungumza jambo hilo hadharani mpaka Louise alipofariki mwaka 1983.

Sasa tuwaite mashahidi mmoja mmoja, kama kadhi awaitavyo barazani. Wa kwanza ni Garson Kanin, rafiki yao, aliyeandika pamoja na mkewe hadithi za filamu zao mbili. Alitoa kitabu mwaka 1971, Hepburn na Louise wakiwa bado hai, na Hepburn akakasirika. Kanin alikuwa karibu, akaona mengi. Lakini alikuwa mtunzi wa michezo, na mtunzi hupenda mazungumzo yaliyonyooka kuliko yalivyosemwa. Wa pili ni Barbara Leaming, aliyeandika mwaka 1995. Yeye alitafuta barua za kale, na hilo ni jema. Lakini kutokana na barua hizo alitoa mahali pakubwa sana kwa mwongozaji John Ford katika moyo wa Hepburn, na wachunguzi wengine hawakukubali jinsi alivyozisoma. Jifunze hapa kwamba barua ni ushahidi, lakini maana ya barua ni hukumu ya msomaji wake.

Wa tatu ni A. Scott Berg, rafiki wa Hepburn kwa miaka 20, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2003, siku chache tu baada ya kifo chake. Humo twasikia sauti ya bibi mzee akisimulia. Ni hazina, lakini ni maisha kama mwenyewe alivyopenda yakumbukwe. Wa nne ni William J. Mann, mwaka 2006, aliyekusudia kuonyesha jinsi sifa ya Hepburn ilivyotengenezwa, na Hepburn mwenyewe akiwa fundi mkuu. Anatuzindua, lakini mwenye shoka mkononi huona kila mti wafaa kukatwa. Wa tano ni James Curtis, ambaye mwaka 2011 aliandika maisha ya Tracy, akasaidiwa na binti wa Tracy na kusoma daftari za Tracy mwenyewe. Kwa kupitia mlango wa nyumba ya pili, alituonyesha mke na watoto, ambao katika hadithi ya mapenzi walikuwa kivuli tu.

Ni yupi aliyesema kweli? Swali hilo, msomaji, si zuri. Uliza hivi: kila mmoja aliweza kujua nini, na alikuwa na sababu gani ya kukisema au kukificha? Tazama mwaka wa kitabu, kisha utazame nani alikuwa hai mwaka huo. Tazama kama mwandishi asema alipopata habari, au asema tu kwamba "inajulikana." Chukua tukio moja ulisome katika vitabu viwili au vitatu, panapopatana bila kunakiliana, hapo weka mguu, na panapogombana, hapo anza kuchunguza. Na mwandishi akikuambia alichokiwaza mtu usiku akiwa peke yake chumbani, muulize nani alikuwapo.

Kazi hii si ya kujifurahisha kwa habari za Hollywood. Maiti hawezi kusimama kujitetea, awe mchezaji wa senema wa Hartford au babu yako aliyelala shambani kwenu. Ipo siku utaombwa kusimulia habari zake mbele ya watoto wasiomjua. Msimpambe mkamgeuza sanamu, wala msimchafue kwa maneno ya mitaani. Semeni mliyoyajua, na mtaje mlivyoyajua. Hiyo ndiyo heshima tuwezayo kumpa aliyetangulia, na ndiyo amana tutakayotaka nasi tutunziwe.