Monita za michezo: kutoka kisogo hadi Hz 144

Vijana kadhaa hapa Machakos wameniuliza wanunue monita gani kwa kompyuta mpya ya michezo. Nitajibu, ila kwanza tupitie historia kidogo. Bila historia utauziwa kioo cha ofisi ukidhani ni cha michezo, na muuzaji ataapa kwa jina la mama yake.

Tuanze na zile kubwa zenye kisogo (ndugu zetu wa Tanzania husema chogo). Mrija wenyewe ulibuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Elektroni hurushwa kwa umeme mkali, kama volti 25,000 kwa monita za rangi, zikagonga kioo kilichopakwa dawa inayong'aa. Mwaka 1987 IBM wakaleta VGA, nukta 640 kwa 480, na ile plagi yake, ambayo baadaye ilipakwa rangi ya buluu, bado utaikuta kwenye vioo vya mitumba mjini.

Kufikia katikati ya miaka ya 2000, maofisi ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanahamia monita bapa za LCD. Hizo kuukuu zikaenda wapi? Nyingi zilipanda meli zikashuka Mombasa. Nyingine zilikuja kwa njia ya heri: shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilizikarabati na kuzipeleka shuleni. Nyingine ziliuzwa Nairobi kwa jina la "ex-UK", jina ambalo halijafa.

Kuifikisha Machakos ilikuwa kazi. Monita ya inchi 17 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 20, na haikunjiki. Zamani ungeipakata kwenye matatu iliyojaa pomoni. Zilipoanza sheria za Michuki, Februari 2004, abiria 14 na mikanda, mzigo wa aina hiyo ulikuwa mjadala mrefu na makanga. Mara nyingi monita ililipa nauli kama mtu mzima.

Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa michezo, ile takataka ya Ulaya ilikuwa bora kuliko kioo kipya kilichochukua nafasi yake! Monita ya kisogo iliweza kuchora picha mara 85 kwa sekunde (Hz 85) katika nukta 1024 kwa 768, na kila nukta iliwaka na kuzimika mara moja. LCD za mwanzo zilichora mara 60, na nukta zake zilichukua hata milisekunde 25 kubadilika. Piga hesabu: kwa Hz 60 kila picha hukaa milisekunde 16.7 tu. Nukta haijamaliza kubadilika, picha inayofuata imeshafika. Ukicheza Counter-Strike na ukageuka haraka, adui alikuwa na mkia kama nyota ya angani.

Kilichoua kisogo ni stima na nafasi. Chukua saiba ya mashine kumi. Monita ya kisogo ikila wati 80 na LCD wati 35, tofauti ni wati 450. Kwa saa 12 hizo ni uniti 5.4 kila siku, kabla hujawasha feni. Hakuna mwenye saiba aliyehitaji kushawishiwa.

LCD zilichukua muda kujirekebisha. Mwaka 2009 zikaja za Hz 120, kama Samsung 2233RZ. Mwaka 2013 Nvidia wakatangaza G-Sync, inayofanya kioo kiisubiri kadi ya picha badala ya kukata picha katikati, kisha AMD wakafuata na FreeSync, ambayo vioo vyake vilifika madukani mwaka 2015. Leo Hz 144 ni jambo la kawaida.

Haya basi, ununue nini? Kwa maoni yangu, kioo kipya cha 1080p chenye Hz 144 na FreeSync kina maana zaidi kuliko 4K ya Hz 60, kwa sababu kadi nyingi tunazomudu hazitaweza kusukuma 4K. Tumia kebo ya DisplayPort. Ukifika nyumbani ingia kwenye mipangilio ya Windows uthibitishe ni 144, maana mara nyingi hubaki 60 na mtu akacheza hivyo mwaka mzima.

Ukilazimika kununua ex-UK, usikubali kuonyeshwa picha ya maua. Omba kioo kijazwe rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Nukta zilizokufa zitajitokeza. Nyeupe ikiwa na umanjano, huenda taa za nyuma zimechoka. LCD nyingi za kabla ya 2010 zina mirija midogo ya taa yenye zebaki.

Na kile kisogo kilichoko stoo? Tafadhali usiwape watoto wakivunje ili watoe shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, na vumbi lake huingia mwilini. NEMA ilitoa mwongozo wa taka za elektroniki mwaka 2010, na tangu 2022 ipo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka inayowabebesha watengenezaji na waagizaji sehemu ya mzigo huo. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vifaa vya namna hii. Ndiyo, itabidi ukilipie nauli tena.